Marehemu wa Redio Tusitupane

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani aliyeajiriwa kuichora aliambiwa kwanza alete kibali cha penseli, na hadi leo yuko kwenye foleni, amepata wajukuu humo humo. Inaitwa Jamhuri ya Usikivu. Raia wake ni watu wema sana. Wakiambiwa wanasikia, wasipoambiwa hawasikii, na serikali inawapenda kama mfugaji anavyompenda kuku anayejirudisha bandani mwenyewe.

Huko ardhi ni ya wananchi, mvua ni ya Mungu, na hewa ni ya Mamlaka. Ukipiga mluzi shambani kwako, mluzi ni wako mpaka uvuke mpaka wa shamba. Ukishavuka ni mali ya Mamlaka ya Hewa, Mawimbi na Sauti Zinazopita, na wakiutaka wanaweza kuja kuuchukua. Redio kubwa zipo, tena za kutosha. Zinatangaza safari za Mheshimiwa, kurudi kwa Mheshimiwa, na kati ya safari na kurudi, hali ya hewa ya huko aliko Mheshimiwa. Kwa hiyo mkazi wa Bonde la Mpingamo alikuwa akijua kama kuna theluji ughaibuni kabla hajajua kwamba jirani yake wa kilima cha pili amefariki.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililompata Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa katibu wa Tusitupane, chama cha kufa na kuzikana cha Mpingamo. Amezika watu wengi, hodari wa kupanga sanda na kuni na masufuria, hajawahi kukosa msiba. Mumewe, Mzee Mihayo, alipofariki katikati ya masika, habari ilitembea kwa miguu kama kawaida, na miguu ilizama kwenye matope. Bonde ni refu na nyumba ziko mbalimbali. Walio juu kabisa walisikia arobaini imeshapita. Kaburi la Mihayo lilichimbwa na wanaume wanne, na mmoja wao alikuwa amekuja kuazima jembe tu.

Aliyefika kutoka mbali ni mtu mmoja, Bi Kalunde, dada yake Mihayo, mfuga nyuki wa ng'ambo ya mto Kidole. Alivuka maji yakiwa kifuani, sufuria la maharage kichwani, akatokea uani ameloa, akitetemeka. Na kwa kuwa wifi na wifi ni watani, na mtani haachi kazi yake hata msibani, alisimama mbele ya mfiwa akasema kwa sauti, "Wifi, umemchosha kaka yangu mpaka amekufa! Nimekuja kukudai kaka yangu!" Bi Nyamizi, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha wakakaa mkekani wamelaliana mabegani mpaka giza likaingia.

Siku ile Bi Nyamizi aliapa kwamba hakuna mtu wa Mpingamo atakayezikwa tena na watu wa kuazima majembe. Chama kikakaa, kikakubaliana: tupate redio ndogo, yetu wenyewe, ya kutangaza misiba. Wakamtuma katibu mjini.

*

Ofisi ya Bwana Nkwabi, Afisa Mwandamizi wa Hewa ya Vijijini, ilikuwa na kabati la kioo lililojaa chupa tupu zilizofungwa vizibo. Kila chupa ilikuwa na jina la wilaya. Hizo ni sampuli za hewa, alieleza, na mgeni haruhusiwi kupumua karibu nazo.

"Mama, serikali yenu sikivu haimlazimishi mtu," alisema Bwana Nkwabi. "Kikundi kinachotaka redio ndogo kimewekewa hiari. Hiari ya kwanza ni kusubiri. Hii wananchi wameipenda mno, wengi wako nayo mpaka sasa. Hiari ya pili ni kununua redio kubwa na kuahidi kuitumia kidogo."

"Sisi ni chama cha kuzikana, mwanangu. Tuna masufuria na turubai."

"Basi mna hiari ya tatu. Kushirikiana." Akafunua faili. "Masafa ya bonde lenu yanatosha redio moja, na yameshaombwa na kikundi kingine. Mzinga Mmoja, wafuga nyuki wa ng'ambo. Mwenyekiti, Kalunde binti Kasanda."

Bi Nyamizi alishika ukingo wa meza. Wifi yake hakuwa amemwambia neno.

"Mtashirikiana vizuri tu," aliendelea afisa. "Ninyi mtataja jina la marehemu, wao watataja siku ya mazishi. Katikati mtaweka wimbo wa taifa, ili kusiwe na ugomvi."

"Na wakichelewa kutaja siku?"

"Marehemu atasubiri. Marehemu wa nchi hii ni watulivu."

"Je, nikimwomba aondoe ombi lake? Ni ndugu yangu, atanielewa."

Bwana Nkwabi alionyesha masikitiko ya kweli. Ombi likishaingia halitoki, alisema, kwa sababu kuondoa ombi ni kumwambia Mkurugenzi kwamba alisumbuliwa bure, na Mkurugenzi hajawahi kusumbuliwa bure. Linaondoka kwa njia moja tu, mwenyekiti akifariki. Hapo akatazama dari. "Na kwa mujibu wa sheria, kifo cha mwenyekiti wa kijijini kinathibitishwa kwa kinywa cha katibu wa chama cha kuzikana cha eneo hilo. Sijui kwenu katibu ni nani."

"Ni mimi."

"Kumbe!"

Chupa za hewa zilimtazama Bi Nyamizi.

"Wala hatumzuii mtu kufufuka," alisema afisa kwa upole. "Ipo Idara ya Ufufuo, hapo chini tu, karibu na stoo. Mtu anakufa leo, redio inapatikana, kesho kutwa anafufuliwa, anaendelea na nyuki zake. Nani ameumia?"

Ningependa kuwaambia kwamba Bi Nyamizi aliondoka kwa hasira. Hakuondoka. Akilini alimwona Mihayo akishushwa kaburini na mikono michache, na yule mwenye kuazima jembe akitazama njia ya kwao. Akajiambia ni neno tu, na neno halitoboi mtu. Akajiambia wifi yake anataka redio ya kuimbia nyuki, na nyuki hawasikilizi redio. Ulimi hauna mfupa, nao ukaenda ulikotaka.

"Amekufa," alisema.

"Lini?"

"Juzi."

"Ugonjwa?"

"Homa."

Bwana Nkwabi alisimama, akavua miwani, akainamisha kichwa, na karani wa chumba cha pili naye akasimama bila kujua ni kwa ajili ya nani. "Pole sana, mama. Mlikuwa karibu?"

"Ni wifi yangu."

"Aa, wifi," alisema, akavaa miwani yake na kukaa. "Basi pole kiasi."

*

Mtambo wa Redio Tusitupane haukuzidi ukubwa wa ndoo. Uliwekwa kwenye stoo ya chama, kati ya turubai na masufuria. Mkaguzi wa Mamlaka alipanda juu ya kilima na kukinga sikio kwa kiganja, kuhakikisha kwamba sauti inafika kileleni na kugeuka. Kwa redio ndogo, sauti inayovuka kilima ni mhaini.

Leseni ilikuwa na sharti moja. Tangazo la kwanza liwe la kifo kilichofungua njia, na lirudiwe kila Ijumaa, kumshukuru marehemu kwa kuachia hewa. Kwa hiyo sauti ya kwanza iliyosikika bonde zima ilikuwa ya Bi Nyamizi, nayo ilitetemeka. "Chama cha Tusitupane kinasikitika kutangaza kifo cha Bi Kalunde binti Kasanda, wa ng'ambo ya mto Kidole..."

Bonde likasikia. Watu walimiminika kutoka vilima ambavyo havikuwahi kuhudhuria kitu. Wanawake walikuja na unga, wanaume na majembe, kila mmoja na jembe lake. Bi Nyamizi alisimama uani kwake akitazama umati aliouota, akashindwa kumtazama mtu usoni.

Ndipo akatokea Bi Kalunde, mkavu safari hii maana ilikuwa kiangazi, sufuria la maharage kichwani.

"Nimesikia nimekufa," alisema. "Nimekuja kujua nazikwa saa ngapi, nisije nikachelewa."

Watu wakashikwa na bumbuwazi, kisha mmoja akaangua kicheko, wakaelewa wote. Utani! Wifi kamtania wifi kwa redio! Bi Kalunde hakuwaharibia. Alijilaza mkekani, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akawakemea waliao kwamba wanalia kivivu. "Wewe, lia vizuri, asali yangu umekula sana! Na wewe wifi, njoo ulie miguuni, maana ndiko ulikoniua!" Waliokuwa na machozi wakayatumia kucheka. Ilisemwa baadaye kwamba Mpingamo haijawahi kupata msiba mzuri kama ule.

Watu walipoondoka, wawili hao walibaki wakiosha vyombo. Bi Nyamizi akamweleza yote, chupa za hewa, hiari, homa ya juzi. Alitamani apigwe kwa sahani.

"Na mimi niliomba kwa ajili yako," alisema Bi Kalunde, akisugua sufuria kwa majivu. "Nilidhani tukiomba wawili watatusikia upesi. Nilitaka yakubaliwe ndipo nikwambie, ufurahi." Akaligeuza sufuria. "Ungeniambia tu, wifi. Ningekufa kwa hiari yangu."

"Wiki ijayo nakwenda Ufufuo. Haki ya Mungu."

"Nenda ukipata nafasi. Mimi sina haraka ya kuishi, nishazoea."

*

Redio ikafanya kazi, na kwa hilo hakuna wa kuitukana. Mzee wa juu kabisa alipofariki, bonde zima lilikuwa kwake kabla jua halijakaa sawa. Mjane asiye na mtoto alizikwa na watu wasiohesabika. Chama kikapata wanachama wapya, hata wagonjwa wakasema sasa hawaogopi sana. Bi Nyamizi akawa anaamkiwa njiani kwa heshima, na kila shikamoo ilimchoma.

Kwa sababu serikali ya Usikivu, ambayo haijui barabara ya Mpingamo iko wapi, ilijua upesi kwamba Bi Kalunde ni marehemu. Mamlaka iliwaarifu wote. Alipopeleka asali sokoni, msimamizi wa soko alimwamkia kwa adabu na kumweleza kwamba asali ya marehemu ni mirathi, haiuzwi mpaka warithi wakae. Alipokwenda kupiga kura, alikuta ameshapiga, tena vizuri. Alipojikata kwa panga akaenda zahanati, mganga alimkalisha kivulini, akampa maji ya kunywa, akasema, "Bibi, nakuona na nakuheshimu, lakini dawa za serikali ni za walio hai."

Bi Kalunde alikuja kumsimulia wifi yake kama vichekesho. Kila Ijumaa, tangazo likirudiwa, alipiga kelele kutoka ng'ambo ya mto: "Wifi! Leo umeniua kwa sauti nzuri!" Watu mashambani wakacheka. Watoto wakaligeuza tangazo kuwa wimbo wa kurukia kamba.

Na ile wiki ijayo? Ilikuja, ikapita. Mara ya kwanza Bi Nyamizi alikuwa amefunga kanga ya safari, akafariki mtu. Mara ya pili mvua. Mara ya tatu hapakuwa na kisingizio chochote, akabaki amekaa kitandani na viatu mguuni. Alijua sababu. Bi Kalunde akifufuka, ombi lake litafufuka naye, na redio itakatwa vipande viwili na wimbo wa taifa katikati. Kila alipomtazama wifi yake aliona mambo mawili kwenye mizani, mtu mmoja na misiba ya bonde zima, na kila mara aliuacha mkono wake uegemee upande ule ule. Ahadi ni deni, wasema wenye lugha, na Bi Nyamizi hakuwa na wa kumdanganya kwamba amesahau.

Bi Kalunde hakumkumbusha hata siku moja. Afadhali angemkumbusha.

*

Masika yalipoanza, Bi Kalunde hakupiga kelele ile ya Ijumaa. Bi Nyamizi alisikiliza dirishani mpaka maharage yakaungua. Kisha akavuka mto.

Alimkuta amelala, macho mekundu, mwili wa moto. "Homa," alisema Bi Kalunde, akijaribu kutabasamu. "Ulibashiri vizuri, wifi. Ila ulikosea tarehe."

Mganga wa zahanati aliombwa, akalia, akasema mikono yake imefungwa. Bi Nyamizi aliwaacha majirani wamkande maji, akaenda mjini bila kubadili nguo.

"Chukueni redio!" alimwambia Bwana Nkwabi kabla ya salamu. "Chukueni mtambo, chukueni hewa yote. Mrudishieni mtu wangu uhai wake apate dawa."

"Kaa kwanza, mama. Kurudisha leseni kuna hiari..."

"Sitaki hiari! Nilidanganya. Hakufa. Mimi ndiye niliyesema uongo, hapa, mbele yako."

Bwana Nkwabi alitazama chupa zake kwa wasiwasi, kana kwamba hewa ya maneno yale ingeingia ndani. "Mama, uchungu wa kufiwa unasemesha mengi. Katibu wa chama cha kuzikana hawezi kudanganya kuhusu kifo, sheria haimruhusu. Tena nikwambie habari njema, Tusitupane imeteuliwa redio ndogo ya mfano. Mkaguzi anakuja huko huko kuwapa cheti." Akamwelekeza kwa ukarimu kwenye Idara ya Ufufuo, pale chini, karibu na stoo.

Mlango wa Idara ya Ufufuo ulikuwa na kufuli. Bawabu alieleza kwamba mkuu wa idara aliandikwa marehemu kwa makosa tangu mwaka juzi, na hakuna mwenye mamlaka ya kumfufua isipokuwa yeye mwenyewe.

Bi Nyamizi aliporudi, mto ulikuwa umejaa. Alivuka maji yakiwa kifuani. Hakuwa na sufuria kichwani, na hakukuwa na mtu wa kumpokea uani. Majirani walikuwa wameshamfunika Bi Kalunde, na mizinga yake ilikuwa ikinguruma nyuma ya nyumba kama siku nyingine.

*

Alikwenda moja kwa moja stooni, nguo zinachuruzika, akawasha mtambo.

"Chama cha Tusitupane kinasikitika kutangaza kifo cha Bi Kalunde binti Kasanda, wa ng'ambo ya mto Kidole." Akajipangusa maji usoni. Akaanza tena. "Jamani, safari hii ni kweli. Nawaomba. Amekufa kweli. Atazikwa kesho asubuhi."

Bonde lote lilisikia, maana redio ilikuwa nzima na kilima kilirudisha kila neno. Na bonde lote likasema, leo wamerudia mapema, si Ijumaa. Wengine wakasifu kile kipande kipya cha "safari hii ni kweli", wakasema wifi hawa wamezidi kunogesha. Mama mmoja alimwita mwanawe aje asikilize kabla hakijaisha.

Alfajiri, uani kwa Bi Kalunde palikuwa na majirani wa mlango wa pili tu. Bi Nyamizi akafunga kibwebwe, akatoka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kama zamani. Matope yalimfika magotini.

"Hodi! Kalunde amefariki."

"Karibu, Bi Nyamizi," walimjibu wakicheka. "Si mlishatutangazia? Hata unga tulishaleta."

"Nawaapia kwa kaburi la Mihayo."

"Ah, hapo umetupata! Mwambie marehemu tunamsalimu."

Alilia mbele yao, nao wakasema analia kivivu, kama marehemu alivyofundisha. Alikwenda mpaka miguu ikakataa, na jua lilipopanda alirudi na watu wawili. Mmoja wao alikuja kwa sababu alikuwa na njia ya huko huko.

Kaburi lilichimbwa na wanaume wanne. Mkaguzi wa Mamlaka naye alifika, na cheti ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe, akasimama pembeni akisubiri nafasi. Alipoona udongo umeshikana akakohoa, akasoma kwa sauti kwamba Mamlaka inaipongeza Redio Tusitupane, kwa kuwa hakuna redio nyingine katika Jamhuri, kubwa wala ndogo, iliyowahi kutangaza msiba mapema kiasi hiki. Akapiga makofi peke yake.

Ilibaki kazi ya mwisho, ambayo kwa desturi ni ya katibu. Bi Nyamizi alisogea kwenye kichwa cha kaburi.

"Anayemdai marehemu ajitokeze," alisema.

Hakuna aliyejitokeza. Mfuga nyuki hakuwa amechukua cha mtu.

"Anayedaiwa na marehemu ajitokeze."

Mvua ilianza upya, taratibu. Bi Nyamizi aliweka chini kikapu chake, akazunguka kaburi polepole, akasimama upande wa pili, pale wanaposimama wenye kujibu.

"Ni mimi," alisema. "Ananidai uhai wake. Nilimuua kwa mdomo wangu, na nilipokuwa na nafasi ya kumrudisha nikaichelewesha, kwa sababu ya redio. Si utani. Nisikilizeni. Nilimuua mimi."

Watu wale wachache walitazamana. Kisha aliyekuwa na njia ya huko huko akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakamfuata, hata mkaguzi. Wifi na wifi, walisema wakijifuta machozi, hata kaburini hawaachani. Wakaokota majembe yao wakateremka, na yeye akabaki amesimama pale pale, akingoja mmoja wao ageuke.